Fenomenolojia Jikoni kwa Mama Odile

Tulipomzika padre wetu, Abbé Kaseya, mwezi uliopita, sisi wanafunzi wake wa zamani tulibaki Likasi siku mbili zaidi, maana hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoka. Tulikula, tukabishana kama zamani, tukacheka kuliko inavyoruhusiwa msibani. Siku ya pili alinisogelea msichana mmoja aitwaye Sandrine, mwalimu msaidizi katika taasisi ileile ya ualimu tuliyosoma sisi, ameshika simu tayari kunirekodi. Akaniuliza: “Maman, hii phénoménologie ilifikaka huku Likasi na njia gani?” Nikamjibu: “Ilikuyaka na train, ndani ya valise ya Abbé. Kisha ikaikala mwaka muzima mu cuisine ya Mama Odile, kule Shituru, inakula bukari.” Akadhani namtania. Mimi ni mwanamke wa miaka sabini kasoro, nimefundisha falsafa tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na huwa nakasirika mtu akisimulia elimu kana kwamba ilishuka yenyewe kutoka mawinguni. Kwa hiyo nilimwambia azime simu, akae chini, nimsimulie mwaka ule mmoja tangu mwanzo. Alikaa, na ninayoandika hapa ndiyo niliyomwambia, pamoja na machache niliyoyakumbuka baadaye.

Papa Ngoie na mkewe Mama Odile walinipokea nyumbani kwao nilipoanza mwaka wa tatu, ambao kwetu ndio wa mwisho. Nyumba yao ilikuwa ya matofali, moja katika safu ndefu ya nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha shaba, zote zimeipa reli uso. Nilipewa chumba cha nyuma, chenye kitanda cha chuma, meza ambayo zamani ilikuwa mlango, na dirisha lililotetemeka kioo kila treni ya mizigo ilipopita. Jiko lilikuwa nje, chini ya bati, na huko ndiko maisha yote yalikofanyika. Mama Odile alikuwa na mbabula mbili za makaa, moja ya bukari, ugali wetu, na moja ya mboga, na ole wako uzibadilishe. Siku za kazi tulikula sombe, majani ya muhogo. Jumamosi tulikula samaki mkavu wa ziwa Tshangalele, aliyepikwa kwa nyanya na pilipili mpaka jirani akohoe upande wa pili wa ukuta. Papa Ngoie alirudi kutoka zamu saa tisa alasiri. Hakuna aliyemsemesha kabla hajasukutua mdomo na kunawa hadi viwiko, kwa sababu mvuke wa asidi, alisema, humkalia ulimini na kuifanya bukari iwe na ladha ya betri. Akishameza tonge la tatu, ndipo anakuwa mtu wa kuzungumza naye.

Abbé Kaseya yeye alikuwa amerudi kutoka Ubelgiji na sanduku moja la vitabu na sweta moja ya kijivu, ambayo aliivaa hata Oktoba, mwezi ambao lami ya Likasi inalainika. Siku ya kwanza darasani aliweka kikombe cha bati juu ya meza, akauliza tunaona nini. Tukajibu kwa pamoja, kikombe. “Hapana,” akasema, akaacha Kifaransa chake kizuri kando. “Munaona upande moya tu. Ule wa nyuma, nani ameuona?” Kisha akatueleza, polepole, kwamba hakuna aliyewahi kuona kikombe kizima kwa mara moja. Kila unapokizungusha, upande mmoja unajitokeza na mwingine unajificha, na bado hatusemi tumeona nusu ya kikombe. Fahamu inaushika ule upande usioonekana kwa kuutarajia. Alituambia habari za Mjerumani mmoja aliyeanza kama mtu wa hesabu, akajiuliza namba ni kitu gani kwa yule anayehesabu, na kutokana na swali hilo dogo akaanzisha njia mpya ya kufikiri. Wenzake walikuwa wanagombana kama dunia iko ndani ya kichwa au nje. Yeye akasema ugomvi huo tuuweke juu ya kabati kwanza. Hatuukatai, tunauweka tu pale, halafu tueleze kwa uaminifu jinsi kitu kinavyojitoa kwetu. Akasema pia kwamba fahamu si sanduku lenye picha ndani. Siku zote inaelekea kitu: anayependa anapenda mtu, anayeogopa anaogopa jambo, anayesubiri anasubiri treni. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na niliposikia hayo nilihisi kama mtu amefungua dirisha ambalo sikujua limefungwa.

Abbé alitusimulia mwisho wa mtu huyo pia. Watawala wa nchi yake walimfungia milango ya chuo kwa sababu alizaliwa Myahudi, na alipokufa aliacha maelfu kwa maelfu ya kurasa za hati mkato ambazo zingeweza kuchomwa moto siku yoyote. Padre mmoja kijana akazivusha mpaka, akazifikisha Ubelgiji. Huko ndiko Abbé wetu alikoziona, kwenye masanduku, maandishi madogo ya penseli kama nyayo za kuku. Alipolisimulia hilo alishika ncha ya sweta yake na kuikunja, na mimi nikaamua pale pale kwamba kazi yangu ya kuhitimu itakuwa juu ya fenomenolojia na si kitu kingine.

Sasa niseme wazi kilichokuwa hatarini, maana bila hicho mwaka huu haueleweki. Masista wa lisee moja, shule ya sekondari ya wasichana, walikuwa wameniahidi darasa la falsafa. Mwanamke kufundisha falsafa lilikuwa jambo geni, na mkuu wa masista alikuwa amegombana na watu wazito kuipata nafasi ile. Aliniambia kwamba atanishikia hadi Septemba, na ikipita Septemba atampa mwanamume aliyekwisha kuomba. Ili niwe na diploma Septemba, ilibidi nitetee kazi yangu mbele ya jopo Julai. Niliitaka nafasi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na sioni aibu kusema hivyo. Kwa hiyo kufikia Januari nilikuwa nimeshaandika kurasa arobaini, kwa Kifaransa cha kupendeza, nikampelekea Abbé nikitembea kama bibi harusi. Alinirudishia baada ya wiki. Hakukuwa na sahihisho hata moja ndani yake, ila swali kwa penseli kwenye ukurasa wa kwanza: na wewe uko wapi humu?

Nilimfuata kwenye korido. “Berna,” akaniambia, “haya yote nilishayasoma mahali ingine, na kule iliandikwa muzuri kukupita weye. Huyu muntu alituomba tuangalie. Weye umeangalia kintu gani? Utafute kazi moya, kintu kimoya, ufungue macho, uniletee. Kama hapana, mwaka huu hautasimama mbele ya jury.” Nilirudi Shituru kwa miguu nikimtukana kimoyomoyo kwa lugha tatu, nikafika jikoni, nikatupa zile karatasi juu ya kinu. Mama Odile alizitoa, akazifuta unga, akaniambia nimenye vitunguu. Baadaye nikiwa chumbani nilimsikia akimweleza jirani kupitia ukuta: “Eko anasoma masomo ya kuangalia bintu. Sasa juu ya nini banamufundisha ile? Hana macho?” Jirani akasema labda ni masomo ya udaktari wa macho. Walinionea huruma kwa muda mrefu, nami nikajionea huruma pamoja nao.

Kazi niliyoichagua ilikuwa ya Papa Ngoie. Alikuwa kwenye ukumbi wa elektrolizi, ambako sahani nyembamba za shaba huning'inizwa kwenye mabeseni marefu ya asidi, safu kwa safu, na umeme wa kutoka bwawa la Mwadingusha huzinenepesha siku baada ya siku. Wakati mwingine shaba inaota nundu, nundu inagusa sahani ya jirani, na hapo umeme unapita njia ya mkato. Hiyo ndiyo shoti. Haionekani, iko chini ya asidi; ila nondo ya shaba inayobeba sahani hiyo inapata joto. Kazi ya Papa Ngoie ilikuwa kutembea juu ya mbao kati ya mamia ya mabeseni na kuitafuta. Wanawake hawakuingizwa mle, kwa hiyo niliazima kijitabu chake cha mafunzo, nikaandika kurasa kumi na mbili zenye hatua zote, namba moja hadi namba tisa, nikamsomea alipokuwa anakula. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. “Iko muzuri,” akasema. “Sasa ule muntu anafanya vile, ni nani?”

“Ni weye, Papa.”

“Minye? Minye sifanyake vile. Ule muntu wako, kama anafanya vile, zamu inaisha yeye angali anasoma kitabu.”

Nikamuuliza yeye anafanyaje. Aliacha tonge hewani, akafikiri kwa uaminifu kabisa, kisha akasema: “Siyue. Ninafika, ninayua.” Mama Odile alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Ninafika, ninayua: maneno mawili, na katikati yake kulikuwa na kazi nzima ambayo hata mwenyewe hajawahi kuitazama. Miezi mitatu iliyofuata niliishi katikati ya maneno hayo mawili. Niliacha kumuuliza kwa nini, kwa sababu kila nilipouliza kwa nini alinipa majibu ya kijitabu. Nilimuuliza tu: unafungua mlango, unakutana na nini kwanza? Halafu? Halafu? Siku ya kwanza alisema harufu, kesho yake akajisahihisha, akasema ni miguu; mbao zinatetemeka kidogo na kabla hajanusa chochote miguu imeshasikia kama ukumbi leo ni mtulivu au la. Kisha shavu. Kisha mgongo wa mkono wa kulia, anaoupitisha juu ya nondo bila kugusa, akitembea bila kusimama. “Mukono inatembea mbele yangu,” alisema. “Minye ninaifwata tu.” Nikamuuliza kuhusu kopo la maji, maana kijitabu kilisema maji yanyunyiziwe juu ya nondo, panapokauka haraka ndipo penye shoti. Akapunga mkono. “Mayi ni ya chef, mukubwa wa kazi. Yeye njo anapenda kuona mvuke.”

Baada ya hapo nilianza kuuona mkono ule kila mahali, na nikashangaa nilivyoishi miezi mitano nyumba moja nao bila kuuona. Aliupitisha juu ya sahani kabla ya kula. Aliupitisha juu ya makaa ya mbabula, juu ya paji la uso la mjukuu aliyelala, juu ya bati la paa mchana wa jua. Hakujua kwamba anafanya hivyo. Nilipomwambia, aliutazama mkono wake kama mgeni aliyeingia bila hodi, na Mama Odile akadakia: “Ata minye asubui ananipimaka vile. Arobaini ya miaka, anatafuta shoti.” Nilijaza madaftari matatu. Nilipomaliza kurasa mpya, Abbé alizisoma palepale mbele yangu, amesimama, na alipofika mwisho alivua sweta. Sijawahi kupata sifa kubwa kuliko hiyo.

Nikitazama nyuma naona kwamba bila kujua nilikuwa napita njia ambayo wengi walishaipita baada ya yule Mjerumani. Mwanafunzi wake mmoja, aliyerithi kiti chake na kumwachia uchungu, alisema tunakijua kifaa kwa kukitumia kabla ya kukitazama; mkononi mwa fundi nyundo haina jina mpaka ivunjike. Mfaransa mmoja akaenda mbali zaidi na kusema mwili wenyewe unafikiri, kwamba mkono unajua njia yake bila kuomba ruhusa kichwani. Wengine waliichukua njia hiyo wakaenda nayo hospitalini, kumsikiliza mgonjwa anavyouishi ugonjwa wake. Wengine mahakamani, wengine shuleni. Na wengine, watu weusi wenzetu, wakaitumia kuuliza ni nini hutokea ndani ya mtu anayetazamwa kila siku na macho ya anayemtawala. Leo karne imepita na wazo lile bado linafanya kazi katika vyumba ambavyo mwenyewe hakuvijua. Mimi nilikuwa sijasoma hata nusu ya hao. Nilikuwa na mzee mmoja na mkono wake, na nilidhani vimetosha.

Siku ya kutetea kazi, ukumbi ulijaa kama kawaida yetu, maana Likasi mtu hatetei kazi peke yake. Familia, majirani, kwaya, wote huja na vitenge vyao na vyungu vyao. Papa Ngoie alivaa suti yake moja, akakaa safu ya nyuma, mikono juu ya magoti. Jopo lilikuwa na watu watatu, na nilijua kwamba wa kuogopwa ni Monsieur Mbayo, mwembamba, penseli yake imechongwa mpaka inatisha. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, kwa Kifaransa kilichonyooka, kwamba nimeandika vizuri, lakini ana swali moja. Huyu mtu wangu yuko peke yake na mkono wake. Mkono wa mmoja leo una joto, wa mwingine una baridi. Nitajuaje kwamba alichokigundua ni shoti na si homa yake mwenyewe? “Kama hujui, Mademoiselle, basi umetuletea hisia za mtu mmoja, na hisia si elimu.” Kurasa zangu arobaini za kukariri zilinijia zote, hakuna hata moja iliyofaa. Nilimwona yule mwanamume asiye na jina akiketi kwenye kiti changu Septemba. Nikasema: “Sijui.”

Kisha watu wakaanza kugeuka nyuma, nami nikatazama walikotazama. Papa Ngoie alikuwa ameinua mkono kama mwanafunzi. Monsieur Mbayo akasema kanuni haziruhusu wasikilizaji kusema, tena lugha ya jopo ni Kifaransa. Abbé Kaseya alijibu bila kupandisha sauti: “Tumekuja kujadili njia inayosema kitu kielezwe na yule kinayemtokea. Huyu hapa. Tukimnyamazisha, tufunge madaftari tukale.” Papa Ngoie akasimama, akafunga kifungo cha koti.

“Ba Monsieur, mutanisamehe, français yangu ni ya kazi tu. Huyu mutoto aliandika vile minye niko peke yangu. Hapana. Shiye tunatembeaka babili. Minye upande huu, mwenzangu upande ule, barre ya shaba katikati. Nikisikia moto, ninamwita: eko? Yeye naye anapitisha mukono yake. Akisema eko, basi eko. Akinyamaza, ninarudia. Siku niko na homa, yeye njo anayua mbele yangu.” Akakaa.

Nilihisi hasira na furaha kwa wakati mmoja, na hasira ilikuwa juu yangu mwenyewe. Alikuwa ameniambia. Madaftari yalikuwa mbele yangu. Nikafunua, nikakuta neno “ninamwita” mara tatu, kwa mwandiko wangu, na mara zote tatu nimelikata. Nilimfuta yule mwenzake wa upande wa pili kwa sababu katika vitabu vyangu vyote mwanafalsafa alikuwa ameketi peke yake kwenye meza yake karibu na dirisha, nami nilitaka Papa Ngoie afanane naye. Nilikuwa nimemwambia Abbé kwamba nimefungua macho, kumbe nilimvalisha mzee wa Shituru mavazi ya Mjerumani. Nikasimama wima, nikasema: “Ukurasa wa kumi na mbili una kosa, na kosa ni langu, si lake.” Halafu nikazungumza bila karatasi. Nikasema upande wa kitu ambao kwangu umefichika, kwa mwenzangu ndio uliofunuliwa. Kwamba nondo ile si kweli kwa sababu mkono mmoja umeapa, bali kwa sababu ina pande za kututosha wawili, na kila mmoja wetu anamhitaji mwingine ili auamini mkono wake mwenyewe. Nikasema kwamba mwanzilishi wa njia hii alihangaika na swali hilo hadi uzeeni, jinsi gani dunia yangu inakuwa dunia yetu, na kwamba Shituru swali hilohilo linaulizwa kwa sauti kila zamu, kwa neno moja, “ipo?”, na linajibiwa. Nilianza kwa Kifaransa, katikati nikajikuta kwenye Kiswahili, na hakuna aliyenikatiza. Nilipokaa, Monsieur Mbayo alikuwa ameilaza penseli. Akasema hana swali jingine, ila ana ombi: sahihisho lile liingizwe kwenye kazi kama nilivyolisema, pamoja na jina la yule mwenzake wa Papa Ngoie.

Jopo lilitoka, likarudi. Abbé alisoma matokeo, na nilisikia neno “distinction”, yaani alama za juu, na baada ya hapo sikusikia kitu, kwa sababu kwaya ilishapanda juu ya viti. Septemba niliingia darasani, wasichana thelathini na kitu wakasimama kunisalimu, nikaweka kikombe cha bati juu ya meza. Tangu siku ile nimefundisha vizazi, na baadhi yao walikuwa wameketi kwenye jopo lililomhoji Sandrine mwenyewe. Sikushinda kwa kujibu swali. Nilishinda kwa kukubali mbele ya mji mzima kwamba sikuangalia vizuri, na kuangalia upya hapohapo.

Nje ya ukumbi, kabla sijashuka ngazi, Mama Odile alinivuta kwa mkono. Akafungua fundo la kitenge chake, akatoa kopo la poda ya mtoto, ile ambayo kwetu humwagiwa aliyefaulu, akanimwagia kichwani na mabegani mpaka nikawa mweupe kama mwoka mikate, huku watu wanapiga vigelegele. Lile fundo lilikuwa limefungwa tangu asubuhi. Nililiona alipokuwa ananipigia nguo pasi. Nikamuuliza: “Mama, na kama ningeanguka?”

“Ningekumwangia vilevile,” akasema, akinipangusa macho kwa kidole gumba. “Poudre sikuyibebea ba jury. Niliyibebea weye.” Akanimwagia yote iliyobaki.